Nani Atanikoholea Njiani?

RAPHAELI: Haloo, shamba la mkonge Kibaha hapa. Nani mwenzangu? Nasikia pumzi tu.

MWINYIMADI: Haloo – fundi? Shikamoo, fundi. Ni Mwinyimadi. Dereva wa – yaani, yule wa dukani Kisarawe.

RAPHAELI: Marahaba, mwanangu. Mbona hilo neno dereva umelimeza?

MWINYIMADI: Leo ndiyo itajulikana kama ni kweli. Hujambo wewe? Kifua?

RAPHAELI: Sijambo. Siku hizi nimekuwa mtu wa kukaa na kupokea simu. Vipi mkeo?

MWINYIMADI: Ndiyo habari yenyewe. Mwamini amekuwa mzito, mkunga anasema wakati wowote. Na mimba ya kwanza hii, anamlilia mama yake. Usiku kucha, mama, mama. Mimi nipo pale pale kitandani, hata jina langu halitaji.

RAPHAELI: Na mama yake si yuko Dutumi?

MWINYIMADI: Dutumi. Na mvua imeshapiga. Ikipiga nyingine mbuga inafunga, hapiti mtu mpaka masika yaishe. Tajiri kanipa pikapu leo tu. Nakata kwa njia ya Msimbu, namchukua mkwe, narudi. Peke yangu.

RAPHAELI: Peke yako? Utingo wako Maneno yuko wapi?

MWINYIMADI: Yuko mazikoni, huko kwenu Pangani. Kafiwa na shangazi. Sikuweza kumwambia marehemu angoje.

RAPHAELI: (anakohoa)

(Kishindo. Bati linabingirika.)

RAPHAELI: Nini hicho?

MWINYIMADI: Si kitu. Debe la mafuta ya taa. Mkono wangu umekwenda wenyewe.

RAPHAELI: Umekwenda wapi?

MWINYIMADI: Tuliache hilo kwanza, fundi. Sikia nilivyojiandaa. Nimepakia jeki, na jeki ya kuisaidia jeki. Jembe, panga, mbao za kuweka chini ya tairi, kamba ya katani, madebe ya maji, pampu, mkungu wa ndizi, godoro –

RAPHAELI: Godoro?

MWINYIMADI: Nikikwama nilale.

RAPHAELI: Na mkwe atakaa wapi?

MWINYIMADI: Hilo nimeligundua asubuhi hii.

RAPHAELI: Unakwenda Dutumi au unahama?

MWINYIMADI: Nicheke, fundi, nina haki ya kuchekwa. Jana kwenye kahawa nimewaambia watu kwamba Dutumi kwangu ni kama kwenda kisimani. Kibwana akaniuliza mbona sijamaliza hata kikombe kimoja. Nikamwambia ni kahawa kali.

RAPHAELI: Shusha nusu ya hayo makorokoro. Mkwe mweke mbele, pembeni yako.

MWINYIMADI: Haiwezekani.

RAPHAELI: Kwa nini haiwezekani?

MWINYIMADI: Fundi, mimi na mkwe wangu tukikutana njiani naingia porini, mpaka apite. Tangu nioe sijamtazama usoni, namjua kwa kanga zake. Halafu leo nikae naye bega kwa bega? Na gia ya pikapu hii iko katikati. Natafuta gia, nagusa goti la mama mkwe. Si bora nizame na gari langu?

RAPHAELI: (anacheka, kicheko kinageuka kikohozi)

MWINYIMADI: Tena.

RAPHAELI: Tena nini?

MWINYIMADI: Hakuna. Endelea.

RAPHAELI: Basi akae nyuma, juu ya godoro. Umeona? Godoro lina kazi.

MWINYIMADI: Na nikikwama? Nitamwambiaje mkwe ashuke asukume?

RAPHAELI: Atakuja na kuku. Mama anayekwenda kwa mzazi hatoki mikono mitupu. Basi mwambie kuku, ewe kuku, gari limekwama hili, mwenye miguu ashuke.

MWINYIMADI: Naye akitaka kunijibu?

RAPHAELI: Atamjibu kuku.

MWINYIMADI: Kwa hiyo mwenye akili njiani atakuwa kuku.

RAPHAELI: Sikia sasa, maana waya huu – (unakwaruza) – kwenye mchanga punguza upepo wa tairi. Kwenye mbuga, kabla hujaingia, zima gari, shuka –

MWINYIMADI: Nizime? Likikataa kuwaka?

RAPHAELI: Una hendeli ya kuliwashia, una mikono. Shuka, vua viatu, uvuke kwa miguu kwanza. Unapozama wewe na gari litazama. Ukishajua pa kupita, weka gia ya pili, uende nayo mpaka ng'ambo. Usisimame katikati, usibadili gia katikati. Umenisikia?

MWINYIMADI: (kimya)

RAPHAELI: Haloo? Madi? Wamekata hawa –

MWINYIMADI: Nipo. Ni hiyo ya pili, fundi.

RAPHAELI: Ya pili imefanya nini?

MWINYIMADI: Tangu umalize kunifundisha ukaondoka hapa, gari hili halijaonja gia ya pili. Naendesha dukani mpaka ghalani kwa ya kwanza tu, linanguruma mji mzima. Juzi bibi mmoja kaja na beseni la mahindi, kasikia tajiri ameleta mashine ya kusaga.

RAPHAELI: Lakini pamoja nami ulikuwa unabadili vizuri tu.

MWINYIMADI: Kwa sababu ulikuwa unakohoa.

RAPHAELI: Nini?

MWINYIMADI: Si ulikuwa unanipa ishara? Ukikohoa mara moja, napandisha. Ukikohoa mfululizo, nashusha. Hukuwahi kusema, nami sikuuliza. Wewe mtu mzima, nitakuulizaje? Nikasema huyu mzee ana adabu, hataki kunifokea mbele ya mizigo. Hata sasa hivi umekohoa, mkono ukaenda kwenye gia, ukapiga debe la tajiri.

RAPHAELI: (Waya unakwaruza.)

MWINYIMADI: Ndiyo maana nimepiga, fundi. Sina shida ya jeki. Naogopa. Nikizama kule, Mwamini atazaa bila mama yake, na aibu hiyo nitakula nayo ugali mpaka nizeeke. Nilitaka nikuulize, leo nani atanikoholea njiani?

RAPHAELI: Madi.

MWINYIMADI: Naam.

RAPHAELI: Ile ilikuwa kifua.

MWINYIMADI: Kifua?

RAPHAELI: Kifua, mwanangu. Vumbi limekaa humu miaka. Sikuwa nakupa ishara yoyote. Mimi nilikuwa nakohoa, wewe ulikuwa unaendesha.

MWINYIMADI: Hapana. Si kweli. Kile kilima tukitoka Msimbu na magunia ya mbata, usiniambie. Gari lilikuwa linataka kurudi nyuma. Ukakohoa mfululizo, nikarudi gia ya kwanza, tukapanda. Ishara ile ilikuwa mahali pake kabisa.

RAPHAELI: Kilima kile?

MWINYIMADI: Kile kile.

RAPHAELI: Mimi kilima kile nilikuwa nimelala.

MWINYIMADI: Umelala vipi, nami nilikusikia ukikohoa?

RAPHAELI: Nakohoa usingizini. Muulize mke wangu Honorata, keshahamia chumba cha pili. Niliamka tukiwa juu, nikaona miti imebadilika. Nikasema moyoni, huyu kijana sasa naweza kulala akiendesha. Sikukwambia, nilidhani unajua.

MWINYIMADI: Kwa hiyo kile kilima –

RAPHAELI: Ulikipanda peke yako. Na mzigo wa mzee juu yake.

MWINYIMADI: Loo. Na mimi nilivyokuwa nakushukuru kila tukifika.

RAPHAELI: Nilijua unashukuru Mungu. Sasa – huyu bwana wa mitambo ya simu anasema kuna watu wanangoja waya –

MWINYIMADI: Mwambie kidogo tu. Fundi, nikirudi nitapitia huko Kibaha, ulione gari. Mkwe nyuma, kuku na wote.

RAPHAELI: Sitakuwepo. Kesho gari la shamba linanipeleka Daresalama, hospitali. Wanataka kukitazama hiki kifua.

MWINYIMADI: Kutazama tu?

RAPHAELI: Kutazama tu.

MWINYIMADI: Na kurudi lini?

RAPHAELI: Madi, mawingu yanapanda upande wenu. Shusha makorokoro, godoro libakize garini, uondoke. Msalimie Mwamini. Mtoto akija, usimwendeshe kwa gia ya kwanza maisha yote.

MWINYIMADI: Nitakuja hospitali, fundi. Kwa pikapu hii hii. Nitakuja kwa gia zote.

RAPHAELI: Nitakusikia ukiwa mbali, nitaj– (anakohoa mfululizo, muda mrefu)

MWINYIMADI: Fundi? Fundi, hiyo ni ya kushusha?

RAPHAELI: Hiyo ni yangu, mwanangu. Wewe nenda.

(Waya umekatika.)