Miaka Thelathini na Mmoja ya Kukata Kicheko Chake

Baada ya miaka thelathini na mmoja na filamu tisini na nne za vichekesho, mwongozaji wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wageni humwita Mzee. Sisi wa nyumbani tunamwita Endelea, kwa kuwa hilo ndilo neno analolisema kuliko hata salamu. Mwigizaji akisahau maneno, endelea. Taa ikizimika, endelea. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kusimama mpaka yeye aseme basi, hata paa lidondoke, maana nafasi ya kurudia hatukuwa nayo.

Alikuja hapa kwenye kampuni yetu ya filamu akiwa seremala, kutengeneza viti vya ukumbi. Kazi ya siku mbili ikachukua majuma mawili, kwa sababu kila mazoezi yalipoanza aliweka nyundo chini akawafundisha waigizaji namna ya kuanguka. Mwongozaji wa wakati huo alichoka, akamwambia kama anajua zaidi basi aongoze yeye. Akaongoza. Viti viwili mpaka leo havijatengenezwa.

Bajeti zetu zilibana kama kiatu cha kuazima, lakini hakulalamika. Chumba cha mikutano kimekuwa hospitali, mahakama na sebule ya wakwe kwa kugeuza pazia tu. Mhasibu wetu amekuwa hakimu katika filamu kumi na moja kwa sifa moja: ana suti yake mwenyewe. Sare ya polisi tulikuwa nayo moja, kwa hiyo polisi wetu huwa wawili, ila mmoja siku zote yuko chooni. Kuna mtazamaji aliyetuandikia barua kumwombea huyo askari apone tumbo.

Kasoro yake naijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mimi ndiye fundi sauti. Alishindwa kujizuia kucheka. Utani alioutunga mwenyewe, akausikia kwenye mazoezi mara ishirini, ukifika mbele ya kamera unamshinda, na kinasa sauti hakina huruma. Mkewe, mshonaji wa mavazi yetu ambaye sote tulimwita Shemeji, alisimama nyuma yake kumfinya mgongoni anyamaze, na mwisho naye akaanza kucheka. Kila filamu ilipokwisha, mimi nilijifungia siku tatu nikikata vicheko vyao. Nililalamika sana, Mungu anisamehe.

Shemeji alifariki miaka miwili iliyopita. Endelea alirudi kazini baada ya majuma matatu, kifungo cha shati amekishona mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine, akaongoza filamu nne mfululizo. Alifika mapema, alielekeza vizuri, alimshukuru kila mtu. Lakini sauti zilinifikia safi. Sikuwa na cha kukata. Kazi yangu haikuwahi kuwa nyepesi kiasi hicho, na niliichukia.

Tulipoanza filamu ya tisini na nne, alinisimamisha kwenye korido. "Mdogo wangu," akaniambia, "siku hizi naona watu wanaanguka tu. Sijui tena kama inachekesha." Alikuwa ameshamwandikia meneja barua: anastaafu, na filamu hii ikiisha yeye bado hajui kama inachekesha, isionyeshwe kwa mtu, ifungiwe kabatini. Meneja alikubali shingo upande. Sisi tukabaki tunaigiza vichekesho na nyoyo zetu ziko msibani.

Siku ya mwisho lilibaki tukio moja. Mwenye nyumba anagonga mlango, mpangaji amejificha ndani. Mwenye nyumba ni yule mnene wetu tunayemwita Kufuli, ambaye baada ya miaka ishirini bado anamwogopa Endelea kama baba mkwe. Aligonga mara moja tu, na mlango wetu wa mbao nyepesi, fremu na yote, ukalala kifudifudi sakafuni. Wakabaki wanatazamana, hatua moja kati yao, hakuna mlango wala ukuta. Na neno basi halijasemwa.

Kufuli akainua ngumi, akagonga hewa, na kwa mdomo akatoa sauti: ko, ko, ko. Mpangaji, mtiifu vilevile, akamtazama usoni na kuuliza, "Nani?"

"Mwenye nyumba!"

"Mwenyewe hayupo!"

Kufuli akainama, akajaribu kitasa pale sakafuni, akatikisa kichwa kwamba kweli kumefungwa.

Hapo nikasikia masikioni sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili. Nikageuka. Endelea alikuwa ameshikilia kiti, mabega yanatikisika, kisha kicheko kikamwangusha chini kabisa. Machozi yalimtiririka, na hatukujua ni machozi ya nini. Nadhani hata yeye hakujua. Hakuna aliyemsogelea, na wengi wetu tulikuwa tunalia pia. Kufuli peke yake aliendelea kugonga hewa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi.

Jioni alikuja chumbani kwangu, akauliza kama nimeshakikata. Nikamwambia nimemtii miaka yote, leo simtii. Akanitazama, halafu akasema taratibu, "Hata shemeji yako angekwambia ukiache." Kesho yake asubuhi alikwenda kwa meneja akaomba ile barua, akaichana nusu, ile nusu ya kabati. Nusu ya kustaafu akairudisha mezani.

Filamu itaonyeshwa Ijumaa hii ukumbini kwetu, kicheko kikiwamo.

Kaka, asante. Tulikuja kazini na shida zetu, wewe ukatutuma nyumbani mbavu zinauma. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na majirani wenye vituko. Na ukicheka huko uendako, cheka mpaka mwisho. Hakuna tena fundi wa kukukatiza.