Koki ya Wangila

Tulikuwa wawili nyuma ya Wangila, mwendesha boda wa Lurambi: mama nisiyemjua katikati, mimi kwenye keria. Petroli ikaanza kudondokea kiatu cha mama.

"Kijana, kabureta inavuja."

"Si kabureta, mama. Nilijaza tangi mpaka mdomoni, inamwagika tu."

"Ya mdomoni ingenilowesha goti. Nyinyi mnalazanga pikipiki chini mkitafuta petroli ya mwisho, uchafu unaingia kwa kabureta."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Mimi ndiye mwenye mguu."

Akapenyeza mkono kando ya paja la Wangila, akafunga koki inayoshusha petroli kutoka tangi hadi kabureta. Matone yakakoma. Ningepiga makofi, ila mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania keria. "Ingekuwa tangi, ingeendelea kumwagika," mama akasema.

"Umegusa mali ya mtu. Fungua, itazima."

"Izime. Miguu yote miwili bado ninayo."

Pikipiki ikakohoa, ikazima tukiingia Amalemba. Wangila akafungua koki. Mama akaifunga. Wangila akaifungua tena, na tone likarudi palepale kiatuni.

"Ni tangi," akasema Wangila, akiinama kufuta kiatu cha mama kwa mkono wa shati lake.