Mzee Msumeno na Njia ya Puani

Ijumaa hii daktari bingwa wetu wa upasuaji wa ubongo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi ninayewalaza wagonjwa wake usingizi nimeombwa niandike mazuri yake. Nimeyatafuta kweli kweli.

Tunamwita Mzee Msumeno, na jina halimuudhi. Uvimbe ukiwa juu ya ubongo, alifungua fuvu kwa juu. Ukiwa chini kabisa, kwenye sakafu ya fuvu, nyuma ya pua, alifungua kwa juu vilevile, akauinua ubongo wa mtu kama anayeinua godoro kutafuta funguo. Hayo ndiyo maarifa aliyokuja nayo kazini, na ndiyo anayoondoka nayo.

Ilipoletwa kamera ya kuingilia puani, msaidizi wake, daktari wa kike aliyekwenda kuisomea kazi hiyo, alimweleza kwa adabu zote kwamba uvimbe wa chini hufikiwa bila kuugusa ubongo. Mzee akamjibu mbele ya wauguzi kwamba pua ni ya mafua. Basi yakaishia hapo, maana katika idara yetu mkubwa ndiye huchora mstari wa kukata, na akishachora hakuna wa kufuta.

Mwaka juzi dada yake wa tumbo moja akaota uvimbe wa namna hiyohiyo. Makubwa hayo. Kalamu ilibaki mfukoni siku hiyo. Alimfuata msaidizi wake koridoni, akamwita mwanangu, akamwomba kwa sauti ya chini apitie puani. Dada mtu alirudi nyumbani hana mshono hata mmoja, na magazeti anasoma mwenyewe.

Tukadhani Mzee amejifunza. Wapi. Wiki iliyofuata akaletwa fundi cherehani, uvimbe uleule, macho yameanza kufifia. Msaidizi alimsihi Mzee mpaka machozi yakamlenga. Mzee akachukua kalamu, akamchorea fundi mstari wake wa siku zote, kutoka sikio hadi sikio. Fundi alipozinduka aliniuliza, kwa upole kabisa, mbona hatujawasha taa.

Kuanzia Jumatatu kalamu anashika msaidizi, na kwa hilo shukrani zetu kwa Mzee ni za dhati. Nenda salama, baba, upumzike, uwaone wajukuu wako wakikua. Fundi wa watu wajukuu wake anawajua kwa sauti.