Vidole Vitatu Chini ya Boneti: Maisha ya Kaka Yetu, Itakuwaje

Ndugu, jamaa na majirani, aliyeandika haya na anayeyasoma ni dada yake marehemu, yule aliyemfuata ziwa. Familia imeniomba nisitie chumvi. Nimejitahidi, ila mkiona imezidi mahali, mjue marehemu mwenyewe ndiye aliyeishi hivyo.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa tarishi wa posta na mama fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Alipokuwa na miaka tisa aliunganisha cherehani ya mama na gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba, apate kujua itashona kwa kasi gani. Ilishona kweli. Ilimaliza mkono wa gauni la mteja, ikapitiliza hadi kwenye kitambaa cha meza, na mimi niliyekuwa nakanyaga pedali nikaambiwa, "Usiache, usiache!" Baba alipeleka barua kwa miguu siku mbili. Viboko tuligawana sawa kwa sawa, jambo ambalo hadi leo naliona ni dhuluma. Mama alipomuuliza kilichomtuma, alijibu, "Nilitaka kujua itakuwaje." Jina likamganda hapo hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya ufundi, na akapata cheti cha mitambo mwaka 1978. Ripoti yake ya mwisho tunayo. Mwalimu wa fizikia ameandika: "Ana akili. Anauliza maswali mengi kuliko vipindi tulivyo navyo."

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa hospitalini kuwa fundi wa chumba cha kufulia, akakaa na zile mashine kubwa za mashuka mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2018. Gari la wagonjwa likiharibika, yeye ndiye aliyeitwa. Hapo ndipo alipokutana pia na karani wa stoo ya mashuka, binti mmoja mkavu wa maneno, aliyemrudishia mashuka arobaini yenye doa la grisi na karatasi iliyoandikwa: "Rudia." Alirudia. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja. Wifi yangu hakuacha kumrudishia vitu, na kaka hakuacha kurudia. Walipendana, msidanganyike na kelele zao.

Sasa nije kwenye lile gari, maana najua ndilo mnalosubiri.

Mwaka 2015 alinunua kutoka kwa daktari wa meno mstaafu kigari chekundu cha michezo, cha milango miwili na viti viwili, kilichokuwa kimelala bandani, injini yake imegoma kabisa. Wifi alikizunguka mara moja akauliza, "Sisi ni watu wanne. Hicho kiti cha pili ni cha nani?" Mwaka uliofuata hospitali ikauza gari la wagonjwa lililochakaa, na kaka akarudi nyumbani na injini yake, kubwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyokufa. Alitaka kuitia kwenye kigari. Tukamuuliza kwa nini. Mnajua alichojibu.

Hakukurupuka. Kwanza alitengeneza injini ya maboksi. Aliipima ile ya chuma kila upande, akakata maboksi ya sabuni ya kufulia, akagundisha, na kwa miezi miwili injini hiyo ilikaa sebuleni kwenye kiti cha mgeni. Wageni wakija, wifi aliifunika kwa kanga, na mama mchungaji mmoja aliwahi kuisalimia. Alipoitia kwenye kigari, iliingia vizuri na boneti ikafunga. Alicheka siku nzima. Akabadilisha breki zikawa kubwa, akaimarisha fremu, akahamisha rejeta, akachomelea mahali pa giaboksi. Mwaka 2019 akashusha injini ya chuma ndani. Ilikaa, ikawaka, ikanguruma hadi majirani wakatoka nje.

Boneti haikufunga. Ilibaki wazi vidole vitatu.

Akalitafuta boksi lake stoo, akaligeuza, akaona juu limebonyea vidole vitatu. Boneti ilikuwa imelikandamiza siku ile na hakuna aliyetazama. Jamani, fundi wa miaka arobaini! Alikaa juu ya tairi akasema, "Boksi lina adabu. Chuma hakina."

Kila mtu alimshauri atoboe boneti, injini ichungulie nje. Alikataa. "Nikitoboa, watu watajua kabla hawajauliza. Mimi nataka waulize." Akaendelea kukiendesha kigari uani bila boneti, mbele na nyuma, kama mtu anayepoza chai kwa vikombe viwili. Wifi naye alikuwa ameshatoa hukumu yake: "Siku boneti hiyo itakapofunga, nitapanda. Kabla ya hapo msiniite."

Januari mwaka huu alianza kuishiwa pumzi, miguu ikavimba. Daktari alimweleza kwamba moyo umepanuka. Kaka akauliza umepanuka sentimita ngapi, na kama kifua bado kinafunga. Alilazwa hospitali ileile tarehe 20 Mei. Siku ya pili alimwambia nesi kwamba beringi ya mashine ya kufulia, ile ya upande wa dirisha, imekwisha. Alikuwa anaisikia kupitia ukutani. Wakaenda kuangalia. Kweli imekwisha.

Hukohuko wodini alimwona nesi akimimina maji ya jagi kwenye beseni la kumwogeshea mgonjwa. Maji ni yaleyale, lakini kina kimekuwa kifupi. Alikaa kitandani wima. Injini isingeweza kushuka kwa sababu bakuli la oili chini yake lilikuwa refu, linagonga vyuma vya usukani. Kwani lazima liwe refu? Si liwe pana! Akachora nyuma ya kadi ya chakula. Jirani yetu mchomeleaji alilitengeneza, tukaishusha injini, na Jumatatu tarehe 3 Juni boneti ikafunga. Nilimpigia simu. Akasema, "Sitaki maneno. Ifunge nisikie." Tukaifunga. "Rudia." Tulirudia mara tano.

Jioni hiyo nilipomtembelea alinishika mkono. Alisema, "Huyu mke wangu, miaka thelathini na minane, kila kitu najua atasema nini. Hili tu silijui. Akipanda, nataka niwepo nisikie." Alikuwa atoke Ijumaa. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni, saa moja asubuhi, wifi akiwa pembeni yake. Naumia. Siku moja, kaka! Siku moja tu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mimi dada yake, na injini moja ya maboksi ambayo hakuna anayethubutu kuitupa.

Wifi ni mtu wa neno lake. Leo asubuhi alikataa gari la familia, akatoka na nguo zake nyeusi, akajibana kwenye kiti cha pili. Niliendesha mimi, dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na miwili, mtu asiyejua haraka. Kaka, sikiliza, maana nimeyashika neno kwa neno.

Tulipoanza kupanda kilima cha tangi la maji nilikanyaga mafuta kidogo, kigari kikaruka kama kimeitwa. Wifi akashika mlango: "Wifi, punguza mwendo!" Nikapunguza. Tukaenda polepole. Kisha akanigeukia.

"Mbona umepunguza?"

"Si umesema nipunguze?"

"Nilisema kabla sijajua," akasema, huku akifuta macho. "Haya, kanyaga."

Nikakanyaga, kaka. Ndivyo alivyosema. Sasa unajua, pumzika kwa amani.