Karoti za Chini ya Theluji na Pesa za Michiru

Sogezeni viti hapa karibu na kitanda changu, wanangu, na wewe Kanta hebu niondolee hayo machungwa kifuani, sijawa marehemu bado wa kupangiwa matunda. Daktari kanionya nisiongee sana. Mimi! Niliyeuza vijiko vya mji wetu wa Tsubame kutoka Lima hadi Oslo kwa mdomo huu huu, leo ndiyo nianze kuubania? Nina furaha, jamani, sikutegemea kufa nikiwa na jambo la maana la kusema.

Tuanze na madogo. Nyumba ni yenu wote wawili, na chumba kinachovuja ni cha Kanta. Mashine ya kung'arishia vijiko pia achukue yeye, wanafanana kelele. Jirani yetu Kuwabara, aliyekuwa akitusukumia theluji yake mlangoni kila msimu, nimemsamehe kwa moyo mweupe. Theluji yake mrudishieni.

Sasa lililonifanya nikatae dawa ya usingizi. Michiru, kiwanda chenu kimewafungulia akaunti za kustaafu, mwajiri anatia pesa kila mwezi, na kila mfanyakazi achague mwenyewe ziwekezwe kwenye mifuko gani ya uwekezaji. Mwisho ni kesho. Juzi nikakuuliza umechagua nini, ukanijibu, "Baba, nangoja kwanza nijue Bwana Onozuka kachagua nini." Nusura mrija unichomoke puani! Namjua Onozuka, mkuu wa kitengo chenu. Akiagiza tambi za soba, kitengo kizima kinaagiza soba, hata yule kijana ambaye soba humvimbisha midomo. Haya, chakula kinapita. Lakini Onozuka anastaafu mwakani, kaziweka zote kwenye amana ya benki zisitikisike, na kwa umri wake kapatia. Wewe una miaka thelathini na mmoja! Ukimwiga, utafika uzeeni na pesa zilezile huku bei ya mchele imeshakukimbia. Unaogopa utaonekana umemvunjia heshima? Chaguo lako hakuna anayeliona, mama. Mwinamie asubuhi, mmiminie chai, vicheke vichekesho vyake vibovu, basi, heshima imetimia.

Na wewe Kanta usijifanye unatazama dirishani, nilikusikia koridoni: "Dada, tumbukiza zote kwenye mfuko wa kampuni za Marekani, mwaka jana umepaa, acha woga!" Ndivyo ulivyomsifia yule farasi kule Niigata, aliyefika mwisho wa mbio watu wameshakwenda kula.

Sikiliza, Michiru. Tafuta mfuko unaonunua kidogo kidogo kampuni za dunia nzima, halafu uangalie ada yake, iwe ndogo, maana ada inakula kila mwaka, iwe mvua iwe jua. Changanya na hati fungani kiasi cha kukupa usingizi. Mimi Lima nilikwenda nikicheka, nikisema huko nani ataagiza vijiko vyetu, na mwaka ule wateja wa Osaka walipofunga maduka, ni Lima iliyowalisha ninyi. Sikuwa na akili yoyote, nilikuwa na mabegi mengi tu.

Halafu ukishachagua, uache! Mnakumbuka mama yenu Fusae alivyokuwa akiziacha karoti shambani zifunikwe na theluji, zilale humo mpaka machipuko, zitoke tamu kama tunda? Na Kanta kila Jumapili na koleo lake, anafukua aone kama zimekolea, zinaganda, zinaoza. "Ziache zilale, wewe mfukua makaburi!" Hahaa! Soko litaanguka, Michiru, tena litaanguka vibaya, na Kanta atakupigia simu akilia. Siku hiyo chukua koleo ukaondoe theluji kwenye paa. Karoti usiziguse.

Eh? Nesi anasema, "Mzee Tokuji, tulia, mashine inapiga kelele!" Iache nayo ifurahi, binti yangu.

Toa simu, Michiru. Sasa hivi, nikuone. Nisomee... kwa sauti, sikio hili limelala. Dunia nzima, sabini kwa mia. Hati fungani, thelathini. Hesabu hizo umepanga mwenyewe? Bila kumuuliza Onozuka... wala mimi? Ah! Ah, Fusae, njoo umwone huyu!

Weka kidole chako juu ya changu... tubonyeze pamoja. Kanta, shika mkono wa dada yako, usibaki kando.

Tayari?... Tayari.

Nimechoka vizuri. Machungwa... sasa yarudishe. Mpate uzee mrefu, wanangu, wenye meno, mkae mezani pamoja mkila mlichokiacha kikakolea. Msigombane. Majivu yangu... yawekeni kando ya mama yenu. Theluji ikifunika...

Kanta.

Usifukue.