Tuiache Bahari, Tumwombee Huyu Mzee

Bwana asifiwe, ndugu zangu, ninyi wa milimani na ninyi mliotawanyika hadi visiwani! Nilipotoa ushuhuda huu kanisani kwetu Gikondo, hapa Kigali, nilipewa dakika tano, nikatumia ishirini na tano, na mchungaji akaniomba kwa upole kwamba mara nyingine niandike. Basi naandika.

Mimi ni mtu niliyeokoka zamani, nina shahada mbili, na nilikuwa mtumwa wa utabiri wa hali ya hewa wa Shelisheli.

Msicheke. Binti yangu Keza anafundisha shule huko, kwenye kisiwa kidogo kisicho na uwanja wa ndege. Unatua kisiwa kikubwa, unapanda boti ya abiria kwa zaidi ya saa nzima, kisha unapanda nyingine. Alimpata mume kulekule, Mkenya, mwalimu wa hesabu. Mahari tuliipokea hapa nyumbani Gahanga, nikahutubia vizuri, nikasifu ng'ombe ambao sikuwahi kuwaona. Lakini ndoa ya kanisani ilifungwa kisiwani, na baba wa bibi harusi hakuwepo. Nilisema nimebanwa na kazi. Ndugu zangu, nilikuwa nimebanwa na wimbi!

Nilisoma chuo kikuu katika mji wa pwani kule Tanzania nilikokulia. Miaka mitatu mizima bahari niliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani: kwa adabu, na ukuta katikati. Nilidhani nikirudi Kigali nitakuwa nimemalizana nayo. Kumbe Mungu alikuwa anaiandalia familia yangu ajira huko huko.

Mwaka huu Keza akajifungua mtoto wa kiume. Mke wangu alifunga sanduku, akajaza unga wa uji wa mzazi, akaenda. Mimi nikabaki. Mtoto aliandikishwa kwa jina la Kikristo, Daniel, lakini jina la nyumbani, la Kinyarwanda, Keza aliniwekea mimi. Kwa desturi yetu jina hutolewa siku ya nane. Siku ya nane ikapita. Mkwe wangu, mtu wa amani, akapendekeza nilitoe kwa simu ya video. Keza akakataa.

"Kwenye harusi yangu ulikuwa simu, baba. Walikuegemeza kwenye chupa ya maji. Mtoto wangu hatapewa jina na simu."

Nikamwambia, "Nitakuja, mwanangu, bahari ikitulia."

Hapo ndipo utumwa ulipokomaa. Kila asubuhi, kabla ya Biblia, nakiri mbele zenu, kabla ya Biblia!, nilifungua simu kusoma upepo na kimo cha mawimbi katikati ya visiwa vile. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, lilikuwa limeanza kuvuma, na namba zilikuwa zinapanda. Kwa kuwa mimi ni mtu wa ushahidi, na kwa kuwa mke wangu hakuwepo kunizuia, nilichukua futi kamba na chaki nikayachora mawimbi kwenye ukuta wa sebule. Jumatatu, mita moja na nusu: mpaka kidevuni. Jumatano, mita mbili: sawa na mlango. Ijumaa, mbili na nusu: nikapanda kiti. Kisha nikakaa kwenye kochi, nikautazama mstari ule juu ya mlango, nikayaona maji yote yakiniangukia, mimi na kochi.

Keza alinieleza mara nyingi. "Baba, wimbi la kule nje halikuangukii. Linakuinua, linakushusha. Ni kama vilima vya Kigali, ila vinatembea."

Nikamwambia hilo la kutembea ndilo linalonitisha.

Halafu, ndugu zangu, nikafanya dhambi ya watu waliosoma: niliivika hofu yangu nguo za kiroho. Nikaipeleka kwenye kikundi cha maombi. Sikusema naogopa. Nilisema, "Wapendwa, tuiombee bahari." Nikawaeleza habari za kusi, nikawaeleza mkondo kati ya kisiwa na kisiwa. Wakaomba kwa moyo wote! Watu ambao maji makubwa waliyowahi kuyaona ni ya ziwa Kivu walifunga na kuomba kwa ajili ya Shelisheli. Ikawa nikiingia tu mlangoni naulizwa, "Mzee, leo ni mita ngapi?"

Wiki ya kumi mke wangu akapiga simu asubuhi.

"Baba Keza, sikia. Keza amesema mtoto akifikisha miezi mitatu atampa jina mwenyewe. Na baada ya hapo hatakuomba kitu tena. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana nakupigia."

Nikaanza kumsomea namba za siku ile. Akanikatiza.

"Mama yako alivuka mto Kagera na wewe mgongoni, akikimbilia Tanzania, na hakujua kuogelea. Yeye nani alimsomea namba?"

Nikakata simu. Nikatoka kwenda umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikachimba mtaro kana kwamba mtaro ndio ulionitukana. Tulipomaliza, tukaingia kanisani kuomba hivyo hivyo na matope yetu. Kiongozi wa kikundi ni Mama Josiane, anayeuza vipuri vya magari karibu na gereji iliyo mbele ya kanisa. Mama huyu mafundi wote wa Gikondo wanamwogopa.

"Mzee, leo ni ngapi?"

"Mbili na nusu, na inapanda."

Akaliegemeza jembe lake ukutani. "Ariko, lakini wapendwa, hiyo bahari tumeiombea mpaka magoti yamechoka. Bahari iko sawa. Watu ya kule wanaendea soko juu yake. Tuiache bahari, tumwombee huyu mzee."

Watu wakacheka. Nikajitetea kwa Maandiko: "Lakini Bwana aliikemea dhoruba, Mama Josiane."

"Aliikemea akiwa wapi?"

Nikainama, nikaanza kukwangua matope kwenye gambuti zangu.

"Si alikuwa ndani ya chombo? Na wanafunzi? Ndani! Wewe uko Gikondo na gambuti. Unataka akukemee nini, vumbi?"

Ndugu zangu, nikaikusanya elimu yangu yote. Nikafungua kinywa nikitafuta hoja, likatoka neno moja ambalo sikuwa nimelisema wiki zote zile: "Naogopa." Nikasema tena, kwa sauti, nikaanza kulia kama mtoto. "Naogopa maji, na binti yangu ananisubiri." Wakaniwekea mikono, mikono yenye udongo wa mtaro, nikaombewa mimi. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaja kimo cha wimbi.

Jumatatu nilikata tiketi.

Sitawadanganya: bahari haikutulia. Siku nilipovuka ilikuwa mita mbili na ushee. Baharia alinipa mfuko, akanipa wa pili, mwishowe akaamua kusimama kando yangu na fungu zima. Nilitapika kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa Kifaransa changu cha shule. Hofu ilikuwa bado ipo botini, lakini ilikaa pamoja na abiria wengine. Haikushika usukani tena. Na wimbi lilikuja, likatuinua, likatushusha. Haleluya! Halikuniangukia!

Keza alikuwa gatini na mtoto kifuani. Alinitazama nilivyokuwa, shati limelowa, kiatu kimoja kimejaa maji. Akasema, "Mana yanjye, Mungu wangu! Baba, umekuja." Kisha akaniegemea begani, mtoto katikati yetu.

Jioni ile aliwaita watoto wa jirani, akawapikia maharage, kila mmoja akapendekeza jina, kama tunavyofanya kwetu. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa mbili za majina na maana zake. Zilikuwa zimegeuka uji mfukoni. Nikampakata mjukuu, nikampa jina lililokuwa limebaki kinywani: Cyizere. Tumaini. Mkwe wangu bado anajifunza kulitamka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Josiane, asiyejali shahada za mtu. Namshukuru binti yangu, aliyeningoja kuliko nilivyostahili. Na wewe unayesoma, ambaye umewafungisha watu na kuwaombesha kwa ajili ya bahari fulani, huku ukijua fika kwamba si bahari: tupo kila Jumamosi, Gikondo, nyuma ya gereji. Usingoje hofu ipungue ndipo uje. Njoo nayo ilivyo, useme jina lake mbele ya watu, kisha ukate tiketi. Kuna mtu amesimama gatini.