Papa Hamissi na Koti la Mwisho

Leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, Papa Hamissi Rajabu anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mitambo ya kupasha nyumba joto, hapa Koekelberg, kwa miaka ishirini na sita. Asiyeamini aende akaangalie kabati lake. Limebaki na kijiko kimoja na pakiti ya majani ya chai, ambavyo amesema ni urithi wa atakayemfuata. Sisi tuliomwona akiahirisha kustaafu mara mbili tumelikagua kabati hilo wenyewe, mpaka nyuma ya rafu.

Papa Hamissi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako ujanani alitengeneza matanuri ya waoka mikate. Alifika Brussels akiwa mkimbizi, na kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa kupandisha rediata, zile bapa za chuma zinazotoa joto vyumbani, kwenye ngazi za nyumba za hapa, ngazi ambazo aliyezijenga hakika hakuwahi kubeba hata mto wa kulalia. Baadaye alijifunza mabomba, kisha gesi, na miaka ya karibuni tanuri la peleti, yaani vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Mtambo huu aliupenda kuliko yote. Kwake ni tanuri la mkate lililokwenda shule.

Alichotufundisha sote ni kimoja: moto ni mgeni, mfungulie mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Bomba la hewa ndilo mlango wa kwanza, bomba la moshi ndilo wa pili. Ili kujua kama milango yote iko wazi, yeye hupitisha kijiti cha udi kwenye kila kiungo na kutazama moshi wake unakwenda wapi. Vipimo vya kisasa tunavyo, naye huvitumia, lakini udi hauachi. Bibi mmoja wa hapa jirani alipomwona akizunguka na udi, macho yamemtoka, alidhani nyumba inabarikiwa, akamwomba apite na chumba cha kulala. Papa Hamissi akapita. Nyumba ile haijawahi kutuletea malalamiko.

Kigezo chake cha kazi nzuri nacho tunakijua. Kipimajoto kinaweza kusema kinavyotaka. Nyumba imepata joto siku wageni wanapovua makoti bila kuambiwa. Kila mmoja wetu anafahamu kwamba watu wetu wanaweza kukaa sebuleni na koti tangu chai mpaka kuagana, na mwenye nyumba asijue kama ni baridi au ni adabu.

Ndiyo maana kazi yake ya mwisho ilitutia wasiwasi. Ilikuwa mtaa wa Laeken, kwa Maman Euphrasie, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa akimwandalia binti yake Gracieuse sherehe ya mahari. Tuliondoa mtambo wa zamani wa mafuta, tukaweka tanuri la peleti katika chumba cha chini ya nyumba. Msimamizi wetu, Donatien, alipanda juu ya paa, na bomba jipya la moshi likashushwa ndani ya dohani ya zamani. Bomba la hewa tulilitoa kwenye ukuta wa nyuma, uani. Alhamisi moto ukawaka vizuri. Hapo Papa Hamissi, kwa furaha, akala kiapo mbele yetu: siku ya sherehe, mgeni hata mmoja akibaki na koti katika nyumba yake ya mwisho, yeye hastaafu.

Mkewe Aziza, ambaye sote tunamwita Mama Lina, alikipokea kiapo hicho kama mtu aliyemwagiwa maji. Kustaafu kulikoahirishwa mara mbili kulikuwa kumemnyima safari mbili za kumwona dada yake Bujumbura. Safari hii tiketi za wawili zilikuwa tayari, za Jumatatu baada ya sherehe yetu ya leo.

Jumamosi tarehe 24 wageni wakafika, sisi na Mama Lina tukiwamo, na tanuri likazimika.

Papa Hamissi alishuka chini na suti yake ya Idi. Aliwasha; moto ukawaka kidogo, ukakohoa, ukafa. Alisafisha kikombe cha moto, peleti zinamoungulia, akawasha tena, ukafa tena. Huko juu jamaa wa bwana harusi, waliotoka mji wa Namur, walikuwa wamekaa na makoti yao kama watu wanaosubiri tramu. Mama Lina akaona hatari. Akasimama katikati ya sebule, akavua koti lake, akalitundika na kutangaza kwamba joto hili limezidi. Mumewe alipopanda kuomba radhi, akaiona mikono yake.

“Mama Lina, vinyweleo vimesimama.”

“Vimesimama kwa furaha.”

“Vaa koti, mke wangu.”

Akavaa. Papa Hamissi akarudi chini na udi wake. Safari hii aliusogeza pale bomba la hewa linapoingia kwenye tanuri, huku feni yake ya kuvuta hewa ikizunguka. Moshi wa udi haukuvutwa, ulisimama wima. Mgeni alikuwa hana mlango wa kuingilia. Akatoka mbio mpaka uani, na sisi nyuma yake.

Bomba letu lilikuwa limevaa kitenge. Kitenge kipya kabisa, sare ya mashangazi wote, kimezungushwa mara kadhaa, kimelifunika mpaka mdomoni na kufungwa kwa utepe wa dhahabu. Kusema kweli, lilipendeza kuliko Donatien. Maman Euphrasie hakuona kosa lolote.

“Papa Hamissi, ile tiyo ilikuwa uchi,” alieleza, akilionyesha bomba. “Wakwe watapiga picha hapa, donc nikaivalisha.”

Papa Hamissi alikivua kitenge kwa heshima zote, akakikunja, akampa ushauri wa kitaalamu: avalishe ukuta mzima akipenda, lakini tiyo ibaki mdomo wazi.

Moto ukawaka. Rediata zikapata joto, na makoti yakaanza kutoka: kwanza mashangazi wa Namur, kisha vijana, kisha wazee, mpaka kitanda cha chumba cha pili kikawa kilima. Likabaki koti moja. Papa Bienaimé, msemaji wa upande wa bwana harusi, alikuwa amelifunga mpaka kifungo cha juu, na jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu. Hakuwa na baridi. Msemaji anayejua kazi havui koti kabla ya kukubaliana. Akivua, upande wa pili utajua hana nia ya kuondoka.

Papa Hamissi alimtazama yeye. Mama Lina alizitazama tiketi katika mawazo yake. Kisha akaingia jikoni, akatoka na chai ya tangawizi, akamtilia mzee kikombe. Akamtilia cha pili, chenye tangawizi zaidi. Alipoinua birika kwa mara ya tatu, Papa Bienaimé alilitazama birika, akawatazama wazee wenzake, akasema: “Bon. Tumekubali.” Na akavua koti.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka mtaa wa pili. Upande mmoja ulishangilia ndoa, upande mwingine kustaafu, na aliyepiga kuliko wote ni Mama Lina, hata mashangazi wa bibi harusi wakaulizana huyu ni ndugu yetu wa upande gani.

Papa Hamissi, asante kwa mikono yako, kwa udi wako, na kwa nyumba zote za jiji hili ambamo watu wamekaa bila makoti mwezi wa Januari bila kujua ni nani wa kumshukuru. Mama Lina, asante kwa tangawizi. Nendeni salama. Tunawaombea siku ndefu, afya, na milango iliyo wazi, wa kuingilia na wa kutokea. Na Jumatatu, Papa, usisafiri na koti. Lipitishe hapa karakana. Msumari wa kulitundika tumekwisha kuupigilia.